Mwalimu wa Bata Asiyeshiba

Ukimpigia Mwalimu hodi mara ya kwanza, alinyamaza. Si kwamba hakusikia, maana masikio yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Alisema hodi ya kwanza huenda ni ya nyumba ya pili, na mtu mzima hamkurupukii mgeni wa mwenzake. Hodi ya pili aliinuka akateleka birika. Ya tatu ndipo alipoitika, kwa sauti ile ya kuwaita watoto kutoka uwanjani: "Karibu! Mbona umechelewa?" Aliwaambia hivyo hata watu ambao hakuwa na miadi nao. Alimwambia hivyo kijana mmoja aliyekuja kusoma mita ya maji, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga mtaa wetu. Kijana wa watu akaomba radhi, akakaa, akanywa chai, akaenda zake bila kuitazama mita.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, kule Timbwani, Likoni, karibu na njia ya kushukia feri. Chumba changu cha kulala kiko nyuma, na mbele nina duka la fotokopi, na bado nipo hapo hapo. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu nusu ya mtaa ilipitia chekechea yake, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo wayaseme wenyeji. Mimi ni mtu wa kuja, kutoka upande wa Kaloleni, nilimkuta yupo na sikuona haja ya kuuliza.

Ninachokijua mimi ni bata. Mwalimu alikuwa na kitabu cha picha alichokitunga na kukichora mwenyewe kwa ajili ya watoto wake wa chekechea. Siku ya mvua kubwa bata anapiga hodi kwenye nyumba ya mtu. Kila akifungua mdomo anaanza na maneno yale yale: "Sitaki mengi." Hataki mengi, anataka pa kusimama tu mpaka mvua iishe. Anapewa. Hataki mengi, anataka maji ya kunywa. Akiletewa kikombe, mdomo wake hauingii, anataka beseni. Akiletewa beseni, anaingia ndani, anakaa, na kusema maji haya ni ya baridi, yapashwe moto. Kisha mkate. Mkate huu mgumu, mahamri yapo? Yapo. Na mbaazi za nazi? Zipo. Anapanda kitini, kutoka kitini anahamia kitandani, na kabla ya kulaza kichwa anauliza mto umejazwa nini. Anaambiwa sufi. "Alhamdulillahi," anasema bata, ndipo anajilaza.

Hapo watoto walikuwa wakianguka chini kwa kicheko, na wale waliofahamu wakawaeleza wasiofahamu kwamba mto ungeweza kuwa wa manyoya ya bata. Halafu mgeni anataka kupepewa. Anataka kuimbiwa. Anataka kujifunika kanga ya mwenye nyumba, tena si hiyo ya kushindia, ile mpya iliyo sandukuni. Mwishowe bata amelala kitandani, kanga mpaka shingoni, na mwenye nyumba amekaa nje kizingitini na mwavuli. Mvua inakatika.

Na hapo basi. Kitabu hakikuwa na ukurasa wa mwisho. Baada ya mvua kukatika palikuwa na karatasi tupu, na karatasi hiyo ilimtaabisha Mwalimu miaka yote niliyomjua, kuliko presha na kuliko magoti. Alitamani sana kitabu kile kichapwe, kiingie shuleni, watoto wa mbali wamcheke bata wake. Lakini hakujua bata aende wapi.

Nakijua kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa kwa sababu mashine yangu ndiyo iliyokitoa nakala. Rangi zake alizitoa jikoni. Mdomo wa bata ulikuwa bizari iliyokorogwa na uji wa unga. Mvua ilikuwa buluu ya kufulia nguo. Vile vinundu vyekundu walivyo navyo usoni bata wetu wa uani, alivipaka hina. Ukikifungua kitabu kilinukia mchuzi, na siku moja mende wakaula mdomo wa bata kwenye ukurasa wa mbaazi, ikabidi auchore upya. Mashine yangu ya zamani ilikuwa haiipendi bizari. Kila nikitoa nakala, mdomo ulitoka wa kijani.

"Jirani," alisema, akiinyanyua karatasi kwenye mwanga, "bata wangu ameoza mdomo."

"Ni mashine, Mwalimu."

"Mashine haijui bata. Wewe wajua. Hebu rudia."

Nilirudia, ukatoka wa kijani zaidi. Akazichukua hivyo hivyo, na kesho yake akaniletea mahamri kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, ndiyo malipo yangu, na sikuwahi kupata malipo yaliyonipendeza kuliko hayo.

Jambo moja kitabuni lilinishughulisha. Mwenye nyumba haonekani uso. Unaiona mikono yake tu, ikiingia kutoka pembeni mwa karatasi na kikombe, na beseni, na sahani, na upepeo. Mwisho unauona mgongo chini ya mwavuli. Nilimwuliza kwa nini.

"Sijui kuchora watu."

"Mbona mikono umeijua?"

"Mikono naiona kila siku. Uso lazima uwe na jambo, ama umefurahi ama umekasirika. Huyu mtu bata amemtoa kitandani kwake, nimtie uso gani?" Akafikiri kidogo. "Na mtu ukimkosea uso atakulaumu. Bata halaumu."

Mikono ile ilikuwa na pete ya fedha kidole cha kati. Mwalimu naye alikuwa nayo, kidole hicho hicho.

Usidhani alikuwa mtu mlaini. Kwenye chekechea alikuwa mkali wa kuogopesha, na hakuwahi kumpiga mtoto. Silaha yake ilikuwa kumnyamazia. Mtoto aliyeingia na miguu ya tope alinyamaziwa mpaka akaenda bombani mwenyewe. Mtoto aliyelia kwa kumkosa mama yake aliambiwa, "Lia, lakini lia kwa mpango, wenzio wanasoma." Ukimfanyia jambo kubwa kabisa, sifa yake ilikuwa "si haba," na waliopewa "si haba" na Mwalimu wanajisifu nayo mpaka leo. Wakati huo huo ni yeye aliyekuwa akitembea darasani kwa kutikisa nyonga na kunyoosha shingo, akiuliza kama mahamri yapo, huku watoto wakimrukia na vikombe vya hewa na mabeseni ya hewa mikononi. Mtoto aliyewahi wa kwanza ndiye aliyepata kumpepea.

Akifika kwenye karatasi tupu alisimama, akavaa miwani upya, na kuwauliza: "Haya. Mvua imekatika. Sasa?" Darasa lilikuwa likigawanyika. Wapo waliotaka bata afukuzwe kwa ufagio. Wapo waliotaka aoe. Siku moja mmoja wao akapaza sauti kutoka nyuma: "Apikwe na nazi!" Mwalimu akamwambia, "Mgeni hapikwi." Yule siku hizi ni fundi wa magari Mtongwe, na akija kwangu kutoa nakala za vyeti husema neno hilo mwenyewe na kucheka. Lakini kati yao wote hakuna aliyempa Mwalimu mwisho aliotaka.

Alipofunga chekechea, nyumba yake ilinyamaza. Mume alikuwa amefariki zamani, watoto hawakujaaliwa. Kila alasiri aliweka vikombe viwili mezani. Kimoja alikinywa, kingine alikifunika na kisahani chai isipoe. Jua likikaribia kutua alikichukua kile kilichofunikwa, akaenda kukimwagia asumini iliyokuwa kando ya mlango. Nililiona jambo hilo mwaka nenda mwaka rudi kupitia dirisha la duka langu, na asumini ile ilinawiri kwa chai ya wageni ambao hawakuja.

Nami sikuwa na la kujivunia. Mke wangu alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mkataba ulipokwisha aliuongeza, akauongeza tena, na simu zake zikawa fupi, kisha zikawa za sikukuu tu, kisha hata sikukuu zikapita kimya. Watu mtaani waliniuliza, "Mama bado?" kwa namna ambayo hata anayeuliza hajui anataka kusikia nini. Mwalimu peke yake hakuuliza. Yeye aligonga ukuta kwa mchi wa kutwangia iliki. Nikisikia mchi, najua wali umeiva. Nikienda nikasema nimeshiba, sahani ilikuwa tayari imeshajazwa.

Hapo ndipo nilipofunzwa adabu ya kwao. Siku zile za mwanzo alikuja dukani kwangu kwenye joto la kaskazi, nikamwuliza, "Mwalimu, nikuletee soda?" Akasema, "La, nimeshiba, ahsante." Nikaendelea na kazi. Alikaa, akakaa, akajipepea na karatasi zangu, mwishowe akavua miwani.

"Jirani, kwenu mgeni huulizwa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Si ndiyo heshima?"

"Mgeni haulizwi, mwanangu. Mgeni hupewa. Ukimwuliza atasema ameshiba, hata kama tangu jana hajala, maana akisema ndiyo ataonekana ana njaa, na kuonekana una njaa ni aibu. Yeye akatae, wewe usimsikie. Ndiyo adabu yenyewe."

"Na akiwa ameshiba kweli?"

"Atakula kidogo. Hafi."

Nilikimbia kuleta soda. Alikataa, nikaifungua, akainywa yote. Tangu siku hiyo sikumwuliza tena, nilikuwa nampa tu. Lakini niliangalia nikaona kwamba mtu huyu, ambaye bata wake hamalizi kuomba, katika maisha yake hajawahi kumwomba mtu kitu. Hakuomba chumvi kwa jirani, hakuomba mtu amshike mkono kuvuka njia. Kwenye arusi za watu alisema ameshiba, kwenye matanga alisema ameshiba, na kama aliyesimama na sinia hakuijua kazi yake, alirudi nyumbani na njaa.

Siku moja alikuja mtu wa vitabu, kutoka mjini ng'ambo. Sijui alisikia wapi habari za bata. Mwalimu aliniita nikae nao kwa sababu hakutaka kuwa peke yake na mwanamume mgeni, na pia, nadhani, alitaka mtu amwone. Yule bwana alisoma, akacheka, akacheka tena kwenye mto wa sufi mpaka akajifuta macho. Alipofika kwenye karatasi tupu akakunja uso.

"Lakini Mwalimu, hapa mtoto anajifunza nini? Huyu bata hana adabu hata kidogo. Afukuzwe basi, wapate funzo."

"Adabu watafunzwa," Mwalimu alisema. "Wa kuwafunza wapo tele. Ni nani atakayewafunza kuomba?"

"Kuomba?"

"Ehe. Kusema nataka."

Yule bwana alinitazama mimi, kama kwamba ningemfasiria. Kisha akasema kwa upole kwamba maadamu mwisho hauna, kitabu hakiwezi kuchapwa. Akimalize, naye atarudi kukichukua. Akala mahamri, akaaga. Mwalimu alimsubiri. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo kila hodi ya kwanza aliinua kichwa, ingawa desturi yake haikumruhusu kuitika. Hakurudi, na mwisho nao haukuandikwa.

Nilimwuliza siku hizo, "Kwani ni vigumu gani, Mwalimu? Mvua imekatika, bata anasema kwaheri, anakwenda zake."

Ndipo aliponiambia kwamba bata yule alikuwapo kweli. Ilikuwa masika, mwaka aliofiwa na mume, nyumba ilipokwisha kutoka watu wa matanga. Bata wa mtu aliingia mlangoni kukimbia mvua, akasimama pale penye viatu.

"Nikampa maji, akanywa. Nikammegea hamri, akala. Akapanda kwenye mkeka wangu wa kuswalia, nikasema haya, nitaufua. Wallahi, jirani, nilizungumza na bata yule mchana kutwa. Nilimwambia mambo ambayo hata ndugu zangu sikuwaambia."

"Kisha?"

"Mvua ikakatika, akatoka. Hata hakugeuka."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Nikaelewa kwamba asingeweza kabisa kuichora picha ya bata akiondoka, na kwamba nisimwulize tena.

Miguu ndiyo iliyomwondoa Timbwani. Aliteleza bafuni, akakaa pale sakafuni mpaka nilipoona vikombe havijawekwa mezani nikaenda kumtafuta. Hakuwa amepiga kelele. Mtoto wa kaka yake, mtu mwema anayefanya kazi kwenye maghala karibu na Airport, alikuja na gari akamchukua kwenda kukaa naye Utange, huko Kisauni. Nyumba ikapangishwa kwa watu wengine, na asumini ikafyekwa kupisha pikipiki. Siku ya kuondoka alinikabidhi kitabu kimefungwa kwenye plastiki. "Kaa nacho. Huko watoto wana simu." Gari lilipoanza kwenda nilimpungia mkono, naye alikuwa ametazama mbele.

Sikujua kwamba ukuta unaweza kuwa kimya namna ile. Alasiri nilijikuta nimesimama katikati ya duka, nikisikiliza mchi. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kukosa mke. Kumkosa Mwalimu nilikuwa sijajiandaa nako.

Nilipopata mashine mpya, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kutoa nakala ya kitabu kile. Mdomo ulitoka wa manjano, manjano yenyewe ya bizari. Nikaziunganisha kurasa vizuri, na ile tupu nikaiweka mwishoni kama alivyoiacha yeye. Siku ya mapumziko nikavuka feri, nikapita mjini, nikapanda kwenda Utange, sijatia kitu tumboni tangu asubuhi kwa furaha ya kumwonyesha mdomo.

Nyumba ilikuwa safi, sakafu ya vigae, runinga kubwa ukutani. Mke wa yule mtoto wa kaka yake alinipokea vizuri. Ni mwanamke kijana, mchangamfu, aliyekulia Nakuru. Walikuwa na binti mdogo wa umri wa chekechea. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa kochi, mkoba wake umewekwa kando yake, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengojea kuitwa apande gari. Alikuwa amekonda mpaka pete ilikuwa imefungwa uzi isidondoke.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, jirani." Nilisubiri aniulize mbona nimechelewa. Hakuuliza.

Mama wa nyumba akachungulia kutoka jikoni. "Shangazi, nikuletee chai?"

"Nimeshiba, mwanangu, ahsante."

"Sawa. Na wewe, kaka?"

"Nimeshiba," nikasema, mdomo ukiwa umekauka. Akarudi jikoni kwa moyo mweupe.

Nikatoka nje kupunga upepo. Baadaye kidogo alinifuata barazani, akateremsha sauti. "Kaka, wewe umemjua siku nyingi. Shangazi hali. Tumempeleka hospitali, wakasema hana ugonjwa. Kila nikimwuliza ameshiba. Nikiweka sahani ya watu wote mezani anajimegea tonge mbili tatu, basi. Mume wangu anasema ni uzee. Mimi naogopa." Machozi yalikuwa karibu.

Nilishikwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Kwao mama huyu mtu akiulizwa hujibu ukweli, na kumwamini mtu ndiyo heshima. Kwao Mwalimu mtu akiulizwa hukataa. Basi walikuwa wakiheshimiana hivyo, siku baada ya siku, na mmoja wao alikuwa anakauka kwa njaa. Kule Timbwani Mwalimu alinigombeza kwa soda kwa sababu alikuwa na mlango wake. Hapa alikuwa kwa watu. Ningemweleza yule mama pale pale, lakini dirisha lilikuwa wazi, Mwalimu anasikia, na kumtangazia njaa yake mbele ya wenyeji wake kungemwumiza kuliko njaa.

Nikarudi ndani, nikakitoa kitabu, nikamwita mtoto. Nikaanza kumsomea. Bata anapiga hodi, mvua inanyesha. Nikasimama.

"Hapa bata anasema kitu, lakini mimi sauti yake siijui," nikasema. "Ni Bibi yako peke yake anayeijua."

"Bibi, sema!" mtoto akamshika goti. "Bibi, sema!"

Mwalimu alinitazama. Alijua ninachofanya, maana hakuna mtu aliyewahi kumficha kitu. Nilidhani atakataa. Kisha shingo yake ikanyooka.

"Sitaki mengi," akasema. Ilikuwa sauti yenyewe, ya kukwaruza, ya majivuno. "Nataka pa kusimama tu, mpaka mvua iishe."

Mtoto akapiga kelele kwa furaha. Nikafunua ukurasa.

"Sitaki mengi. Nataka maji ya kunywa."

Mtoto hakuleta kikombe cha hewa. Alikimbia jikoni akarudi na kikombe cha maji, kinamwagika njiani. Mwalimu alikishika kwa mikono miwili. Akanywa bila kupumzika mpaka kikaisha.

"Mdomo wangu hauingii," akasema, kwa sauti ya chini. "Nataka beseni."

Beseni likaja. Mama wa nyumba naye akaja nyuma yake, anacheka, bado hajajua. Nikafunua. Mkate ukaja, umekatwa.

"Mkate huu mgumu. Mahamri yapo?"

"Yapo, Shangazi!" Hayakuwapo. Alijitupia mtandio, akavuka barabara mbio, akarudi na mahamri ya moto kwenye gazeti na bakuli la mbaazi za nazi kutoka kwa mama wa pale kona. Akayaweka mbele ya Mwalimu, bado anacheka. Mwalimu akamega hamri, akachovya, akala. Akamega tena. Aliacha kuwa bata. Alikuwa anakula kwa kuinama, haraka, pete inagonga bakuli.

Yule mama aliacha kucheka. Akaweka mkono mdomoni. "Kaka," akaninong'oneza, "kumbe huwa..."

"Usimwulize," nikamwambia. "Mletee tu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaenda jikoni, na nikamsikia akiteleka maji huku anavuta kamasi.

Tulikisoma kitabu mpaka mwisho. Bata akalala, mwenye nyumba akakaa nje na mwavuli, mvua ikakatika. Mtoto akafunua karatasi tupu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Ingine iko wapi?"

"Haipo," Mwalimu alisema.

Mtoto akarudi nyuma kurasa chache, akaweka kidole. "Na huyu wa mikono? Yeye hataki kitu?"

Watoto wangapi walikisoma kitabu kile Timbwani, na mimi niliyekipitisha kwenye mashine mara zisizo idadi, na yule bwana wa vitabu na funzo lake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hilo. Mwalimu aliitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa kwenye stuli karibu na mlango, kofia mkononi.

"Jirani. Mkeo amerudi?"

Ndiyo mara yake ya kwanza kuniuliza. "La, Mwalimu," nikasema. "Harudi tena."

"Umekula?"

"Nimeshiba, Mwalimu."

Akanyamaza. Jikoni birika lilikuwa linaanza kuchemka.

"Umekula?"

"Nimeshiba kabisa. Feri itajaa, afadhali niwahi."

Nikainuka. Nikavaa kofia. Nilitaka kusema kwaheri, ikanijia picha ya chumba changu kule Timbwani, mlango ninaoufungua mwenyewe na kuufunga mwenyewe, na ukuta usiogongwa.

"Umekula, jirani?" Mwalimu akauliza mara ya tatu.

Nikaivua kofia.

"Sitaki mengi," nikasema, na sauti ikanipasuka, si ya bata wala ya mtu mzima. "Nataka pa kukaa tu, Mwalimu. Mpaka jua lipungue."

Mwalimu akauchukua mkoba wake uliokuwa kando yake tangu nilipoingia, akauweka chini sakafuni. Akapangusa nafasi ile kwa kiganja.

"Karibu," akasema. "Mbona umechelewa?"